Mwalimu wa St. Mary's: Nyerere, Tabora na shule za Kanisa



Kila ifikapo tarehe 14 Oktoba, Mwalimu Julius Kambarage Nyerere husemwa sana katika nyumba zetu za malezi. Husemwa kama Baba wa Taifa, na kwa sisi Wakatoliki husemwa pia kama Mtumishi wa Mungu, kwa kuwa mchakato wa kumtangaza mwenye heri ulifunguliwa katika Jimbo la Musoma mwaka 2005. Wengi wetu tulizaliwa yeye akiwa amekwisha kufariki. Tunamjua kwa picha, kwa sauti ya redioni na kwa masimulizi ya wazazi. Lakini kuna kipande cha maisha yake ambacho huwa tunakipita haraka: kabla ya siasa alikuwa mwalimu wa shule ya Kanisa mjini Tabora. Na ni yeye huyohuyo ambaye, miaka ishirini hivi baadaye, serikali yake ilizichukua shule za Kanisa.

Tunayasimulia maisha yake kwa kuzifuata shule alizopita, kwa sababu tuna jambo linalotusumbua. Likizo iliyopita baadhi yetu mafrateri tulikuwa kwenye utume katika parokia moja yenye sekondari yake. Kanisa na shule vinatenganishwa na ukuta mmoja. Kengele ya misa inasikika darasani, na kelele za mapumziko zinasikika sakristia. Hata hivyo, kwa wiki zote tulizokaa pale, tuliwaona wanafunzi kanisani mara moja tu, siku ya mahafali. Tulipowauliza wajumbe wa Halmashauri ya Walei kuhusu walimu, hawakuweza kututajia hata mmoja kwa jina. Mzee mmoja wa jumuiya alituonyesha mahali alipochimba msingi wa darasa la kwanza kwa jembe lake mwenyewe. Mjukuu wake anasoma shule ya kata, kwa maana ada ya pale hawaiwezi. Mzee hakulalamika. Alituonyesha tu, kisha akaendelea na habari za mahindi.

Tulirudi na swali: shule inakuwa ya parokia kwa sababu gani hasa? Tukaanza kumsoma Nyerere.

Tuanze na mji wenyewe. Tabora, ambao wasafiri wa zamani waliuita Kazeh, nchi ya Unyanyembe, ulikuwa njia panda ya misafara. Kutoka Bagamoyo watu walitembea miezi, wapagazi Wanyamwezi wakiwa na mizigo mabegani. Walipofika Tabora njia iligawanyika, moja kwenda Ujiji ziwani Tanganyika, nyingine kwenda kaskazini, Karagwe na Buganda. Pembe za ndovu zilipita hapo, na watumwa pia. Miembe inayoonekana hadi leo katika sehemu za njia ile ni ukumbusho wake.

Msafara wa kwanza wa Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe, ulipita njia hiyo mwaka 1878. Padre Pascal alifariki kabla hawajafika Tabora. Waliobaki waligawanyika kama njia yenyewe, wengine wakaenda Buganda na wengine Ujiji. Katika miaka ya 1880 walifungua Kipalapala, nje kidogo ya mji, kituo cha watoto waliokombolewa utumwani. Watoto wale hawakuwa na ukoo wa kurudia. Waliokuwa wakiwafundisha kusoma ndio waliowafundisha kusali na ndio waliowapikia. Kuuliza pale uhusiano wa Kanisa na shule ungekuwa kama kumuuliza mtoto uhusiano wa mama yake na jikoni. Kituo kile hakikudumu, lakini mwaka 1925 Kipalapala ilianza tena kuwa mahali pa masomo, safari hii kama seminari kuu, na mapadre wengi wa nchi yetu wamepita pale.

Mwaka huohuo wa 1925 kulitokea jambo jingine ambalo tunaomba wasomaji walishike. Serikali ya kikoloni ya Uingereza ilianza kuzipa shule za misheni ruzuku, kwa masharti: walimu waliosomea, mitaala iliyokubaliwa, wakaguzi. Kabla ya hapo shule nyingi zilikuwa vibanda vya vijijini ambamo mtu mmoja alifundisha alfabeti Jumatatu na kuongoza sala Jumapili. Ndiyo sababu mpaka leo, katika parokia nyingi za magharibi, wazee humwita katekista mwalimu. Ruzuku ilileta mafanikio makubwa, lakini ilimgawa mtu yule mmoja akawa wawili: mwalimu mwenye cheti, anayelipwa na kukaguliwa, na katekista asiye na cheti, anayebaki na sala. Watu wengi hudhani shule na parokia ziliachana wakati wa utaifishaji. Sisi tunaona ufa wa kwanza ulikuwa huu, na ulipasuka taratibu kwa sababu nzuri.

Sasa Nyerere. Alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki na wa Mgaya wa Nyang'ombe, mke wa tano. Alianza shule akiwa na miaka kumi na miwili hivi, mwaka 1934, katika shule ya bweni ya Mwisenge, Musoma, mwendo wa kilomita arobaini hivi kutoka kwao. Mwisenge haikuwa shule ya Kanisa. Lakini rafiki mmoja wa shuleni alimvuta wakasikilize mafundisho ya Wamisionari wa Afrika wa Nyegina, naye akavutwa. Alikuwa mtoto wa ukoo ulioabudu kadiri ya mila za Wazanaki, na hakuna mtu nyumbani aliyemtuma kwenda huko.

Mwaka 1937 alifaulu kwenda Tabora. Alivuka ziwa kwa meli hadi Mwanza, kisha akapanda treni. Reli ya kati ilikuwa imefika Tabora mwaka 1912, na tawi la Mwanza lilifunguliwa mwaka 1928, kwa hiyo safari iliyowachukua wapagazi majuma mengi sasa ilikuwa ya siku chache. Shule ya Serikali ya Tabora ilikuwa ya wavulana wachache waliochaguliwa nchi nzima, wengi wao watoto wa machifu, na ilikusudiwa kuwatoa watumishi wa serikali. Iliendeshwa kwa mtindo wa shule za bweni za Uingereza, na viranja walikuwa na haki ambazo wengine hawakuwa nazo. Nyerere, mtoto wa mtemi, hakuzipenda haki hizo.

Jambo linalotuhusu ni hili: Tabora pia haikuwa shule ya Kanisa, ila mafundisho ya dini aliendelea nayo hapohapo. Alikaa miaka yote ile akiwa hajabatizwa, akisoma katekisimu. Baba yake alifariki mwaka 1942. Tarehe 23 Desemba 1943, akiwa na miaka ishirini na mmoja na akiwa tayari ameanza masomo Makerere, alibatizwa Nyegina na kupewa jina la Julius.

Tukihesabu, ni karibu miaka tisa kutoka mafundisho ya kwanza hadi ubatizo, na kwa muda wote huo mkatekumeni huyu alisoma katika shule ambazo Kanisa halikuwa na hati yake hata moja. Kilichokuwapo ni padre au katekista aliyekubali kwenda walipo wavulana, na wavulana walioruhusiwa kutoka kwenda misheni. Tunalisema hili kwa mkazo kwa sababu mara nyingi, tukizungumzia shule na Kanisa, tunaanza na kiwanja. Mwanafunzi wa falsafa angesema tumeishika sababu ya kimaada na kuisahau sababu ya mwisho. (Mwalimu wetu wa metafizikia akisoma hapa atuwie radhi, tunajua mfano huu unachechemea.)

Makerere alikaa mpaka mwaka 1945, akapata stashahada ya ualimu. Alikuwa mmoja wa viongozi wa wanafunzi Wakatoliki pale. Alipomaliza aliitwa na shule mbili, na zote mbili zilikuwa Tabora. Moja ni shule yake ya zamani, ya serikali. Nyingine ni St. Mary's, sekondari ya Wamisionari wa Afrika. Waandishi wa maisha yake wanasimulia kwamba upande wa serikali ulimkumbusha kuwa miaka ya kufundisha shule ya misheni isingehesabiwa kwenye pensheni. Ukumbusho huo ulimkasirisha, akachagua St. Mary's.

Tunapenda kisa hiki kuliko vingine vyote vya ujana wake. Hakuchagua shule ya Kanisa kwa sababu ya uchamungu peke yake. Kulikuwa na hasira ndani yake, hasira ya mtu aliyeona kwamba kazi ileile ya kufundisha watoto walewale wa Kiafrika inapewa thamani mbili. Lakini alichagua, na uchaguzi wake ulikuwa na gharama. Shule zetu leo zina walimu wa namna mbili: waliochagua kuja, na wanaosubiri ajira ya serikali itoke waondoke. Hatuwalaumu wa pili, maana wana watoto wa kulisha. Tunasema tu kwamba parokia ambayo haijui mwalimu wake ni wa namna gani haiwezi kujua inaweza kumwomba nini.

St. Mary's alifundisha kuanzia mwaka 1946 hadi 1949, biolojia na historia. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Mwalimu mwenzake na rafiki yake tangu Makerere alikuwa Andrew Tibandebage. Wote wawili walishughulika na tawi la Tabora la Chama cha Waafrika wa Tanganyika, TAA, na Nyerere akawa katibu wake. Jioni, baada ya kazi, alifundisha watu wa mjini Kiingereza bila malipo.

Hapo kwenye masomo ya jioni tukae kidogo. Tabora ni mji wa Waislamu wengi. Ni urithi wa misafara, wa Waswahili wa pwani, wa Wamanyema na Waarabu walioishia hapo. Mwalimu wa shule ya misheni aliyetoka darasani jioni na kukaa na watu wa mjini alikaa na Waislamu. Hao ndio aliofanya nao kazi katika TAA, na baadaye TANU ilipozaliwa, mji huo ulikuwa miongoni mwa vituo vyake muhimu. Tunadhani, na hii ni fikra yetu, kwamba Nyerere aliijua sura mbili za shule ya Kanisa pale Tabora. Kwa ndani aliona mapadre waliojitoa na wavulana waliopata nafasi. Kwa nje, jioni, alikaa na watu wazima wenye akili ambao nafasi hiyo haikuwafikia, na baadhi yao hawakuwa tayari kuwapeleka watoto wao misheni kwa hofu kwamba watarudi na jina jingine. Sura hizo mbili hazikumtoka.

Mkuu wa St. Mary's alikuwa Padre Richard Walsh. Uhusiano wao ungetosha makala nzima. Padre Walsh aliona kipaji cha mwalimu huyu, akamhimiza aende kusoma zaidi na kumsaidia hadi ufadhili ukapatikana. Mwaka 1949 Nyerere akaondoka Tabora kwenda Edinburgh, Uskoti. Kwa hesabu za kawaida za shule, Padre Walsh alipoteza mwalimu wa biolojia na historia, na walimu Waafrika wenye elimu ya juu wakati huo walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Mkuu wa shule anayehangaikia matokeo ya mtihani asingefanya hivyo. Padre Walsh alifanya.

Edinburgh alisoma mpaka mwaka 1952, akapata shahada ya uzamili ya sanaa. Alisoma historia na uchumi, na falsafa pia, jambo linalotupa moyo sisi ambao bado tunapambana na Kant. Alirudi nyumbani, Januari 1953 akafunga ndoa na Maria Gabriel, naye akiwa mwalimu aliyefunzwa katika shule za misheni, kisha akaanza kufundisha St. Francis, Pugu, nje ya Dar es Salaam. Hiyo nayo ilikuwa shule ya Kanisa, chini ya Mapadre wa Roho Mtakatifu.

Mwisho wa juma alikwenda mjini kwa kazi za chama, mara nyingi kwa miguu, kilomita ishirini hivi. TANU ilianzishwa tarehe 7 Julai 1954, yeye akiwa rais wake. Machi 1955 alikwenda New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Aliporudi, wakuu wa shule walimweleza kwamba hawezi kuwa mwalimu na mwanasiasa kwa pamoja, achague. Akajiuzulu Machi hiyohiyo, akarudi Butiama kwa muda akiwa hana mshahara. Baadhi ya waandishi huwalaumu mapadre wa Pugu. Sisi tunaona walikuwa kwenye hali ngumu, shule yao ikiishi kwa ruzuku ya serikali aliyokuwa akiipinga mwalimu wao. Ule ufa wa mwaka 1925 ulionekana hapo tena: shule ilikuwa ya Kanisa, lakini mkono uliokuwa ukiilisha ulikuwa wa mwingine, na mkono huo una sauti.

Uhuru ulikuja tarehe 9 Desemba 1961. Miaka ya kwanza tunaiacha, inajulikana. Mwaka 1967 lilitangazwa Azimio la Arusha, na Machi mwaka huo Nyerere akatoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Humo alitaka shule iwe sehemu ya kijiji. Wanafunzi walime, wajue bei ya mbegu, wasijione wageni kwa wazazi wao. Aliogopa shule inayomtoa mtoto kijijini na kumfundisha kukidharau. Tukibadilisha neno kijiji tukaweka parokia, tunapata maelezo ya ile sekondari yetu yenye ukuta.

Kisha ikaja Sheria ya Elimu ya mwaka 1969. Kuanzia mwaka 1970 shule za mashirika ya dini zilizokuwa zikipata ruzuku ziliwekwa mikononi mwa serikali. Sababu ilikuwa wazi: zaidi ya miaka minane baada ya uhuru, nafasi za sekondari bado zilifuata ramani ya misheni, na watoto wa Kiislamu walikuwa wachache mno. Nchi isingeweza kusimama hivyo. Pugu ilichukuliwa, na St. Mary's ya Tabora nayo. Leo St. Mary's inaitwa Sekondari ya Milambo, kwa jina la yule mtemi aliyeifunga njia ya misafara na kuwatoza wafanyabiashara waliotaka kupita. Seminari hazikuguswa, na ndiyo maana sisi tunaoandika haya tumelelewa katika nyumba za Kanisa tangu kidato cha kwanza.

Kwa maoni yetu, kwa lengo lake Nyerere alikuwa na haki. Shule iliyojengwa kwa kodi ya wote na ruzuku ya wote haikuweza kubaki mlango wa wachache. Lakini sheria ile haikutofautisha shule iliyokuwa ya shirika kwa hati tu na ile iliyoinuliwa kwa matofali ya waumini wenyewe. Kijiji kilichofyatua matofali kiliamka asubuhi na kukuta shule ina bwana mwingine. Uchungu huo ulikuwapo, na katika baadhi ya familia haujaisha. Kanisa halikuingia barabarani. Tabora ilikuwa chini ya Askofu Mkuu Marko Mihayo, naye na maaskofu wenzake waliendelea na kazi.

Tena walibakiziwa kitu: vipindi vya dini. Ndani ya shule za serikali kila dhehebu liliruhusiwa kufundisha watoto wake, kwa walimu wake. Hapo ndipo historia inapotugeukia. Parokia zilizokuwa na katekista wa kutuma, masista wa kutuma au mafrateri wa kutuma zilibaki na shule, ingawa hazikuwa zake tena. Parokia ambazo uhusiano wao na shule ulikuwa jengo na akaunti zilibaki na picha ukutani. Hali ya mwaka 1970 ilifanana sana na ile ya Tabora ya mwaka 1937: shule ya serikali, wavulana ndani, na swali la nani atavuka barabara kuwafuata. Mmoja wa wavulana wale wa 1937 ndiye sasa alikuwa rais.

Oktoba 1970, mwaka uleule, Nyerere alizungumza na Masista wa Maryknoll huko New York kuhusu Kanisa na jamii. Aliwaambia kwa kirefu kwamba Kanisa lisiposhiriki mapambano ya maskini dhidi ya yale yanayowadhalilisha, watu watalihesabu pamoja na wanaowakandamiza. Inashangaza kidogo kumsikia mtu aliyetoka kuzichukua shule akilihimiza Kanisa lifanye kazi zaidi. Ila kwake hapakuwa na mgongano. Alikuwa ameondoa hati, hakuwa ameondoa kazi.

Aling'atuka urais mwaka 1985. Miaka saba baadaye, mwaka 1992, serikali ya Rais Ali Hassan Mwinyi ilitia saini na Baraza la Maaskofu na Jumuiya ya Kikristo makubaliano kuhusu huduma za jamii. Majimbo na mashirika yakaanza tena kufungua sekondari kwa wingi, na nyingi zinashika nafasi za juu kwenye mitihani ya taifa. Safari hii ruzuku ya mkoloni haipo. Anayelisha shule ni mzazi mwenye uwezo, na sauti inayosikika kwenye kikao ni yake. Mzee wetu wa jembe hana kiti kwenye kikao hicho.

Tumejiuliza Nyerere angesema nini, tukaacha. Ni rahisi mno kumsemea aliyelala. Tunajua alifanya nini. Alihudhuria misa kwa uaminifu, akiwa rais na baada yake, na watu wa Msasani na Butiama walimzoea kanisani kama muumini mwenzao. Baada ya kustaafu aliandika Injili na Matendo ya Mitume kwa tenzi, ubeti baada ya ubeti, zikachapishwa Ndanda mwaka 1996. Alikuwa na zaidi ya miaka sabini. Utenzi ni kazi ya mwalimu: umetungwa ili ukae kichwani kwa mtu asiye na kitabu mkononi. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa kwao Butiama. Katika vyeo vyote alivyopata, watu walichagua kumwita kwa kile alichokipata St. Mary's na Pugu.

Desemba tunarudi katika parokia ile ya likizo. Tumemwomba paroko ruhusa ya kufundisha kipindi cha dini upande wa pili wa ukuta, na pia tumwalike yule mzee aje kuwasimulia wanafunzi wa kidato cha kwanza jinsi msingi wa darasa lao ulivyochimbwa, na nani alileta mawe. Paroko alikubali papo hapo. Mkuu wa shule alituomba tuandike barua, tukaandika. Amejibu kwamba Ijumaa mchana kuna nafasi ya dakika arobaini, na ameuliza kama mzee atahitaji kiti.